Mnunuzi wa mwisho ni nani? Swali la kujibu kabla ya kutoa mtaji

Mwishoni mwa mwaka 2013 Kenya iliingiwa na homa ya kware. Ndege huyo mdogo, ambaye magharibi mwa nchi alizoeleka kunaswa kwa mitego na kuliwa kama kitoweo, ghafla akawa mali. Habari zilienea kwamba mayai yake yanatibu kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine kadha wa kadha. Yai moja likauzwa hadi karibu shilingi 100 za Kenya, mara kadhaa ya bei ya yai la kuku. Watu wakavunja akiba, wakajenga vizimba nyuma ya nyumba, wakanunua mashine za kutotolesha vifaranga. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, likalazimika kuwakumbusha wananchi kwamba kisheria kware ni ndege wa porini, na kumfuga kunahitaji leseni.

Mwaka 2014 haukwenda mbali kabla ya soko kuporomoka. Yai lilishuka hadi chini ya shilingi 10, na wafugaji wakabaki na ndege wanaokula kila siku bila mtu wa kuwanunua. Wengine waliwachinja wakala na familia, wengine waliwaachia waende zao.

Ni rahisi kusema watu wale walidanganywa na maneno ya dawa. Lakini tatizo lilianzia mahali pengine. Katika miezi ile ya neema, waliogombania kware walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliotaka nao kufuga. Mfugaji wa jana alimuuzia wa leo, wa leo akamsubiri wa kesho. Mtu wa kununua mayai yale kila wiki, ayachemshe, ale na wanawe, mwaka nenda mwaka rudi, hakuonekana kwa idadi ya kutosha. Siku wafugaji wapya walipokwisha, soko nalo likaisha.

Kila wazo la biashara lina mtu wa namna hiyo mwishoni mwa mnyororo: anayenunua ili atumie, wala hauzi tena. Kabla ya kuuliza faida ni kiasi gani, mtu mwenye mtaji mkononi anapaswa aweze kumtaja mnunuzi huyo, aseme anaishi wapi, na leo ananunua nini badala ya hicho anachokusudia kumuuzia. Asipoweza, bado hajapata wazo la biashara, hata kama hesabu zake zimepangwa vizuri kiasi gani.

Mchanganuo usio na jirani

Hesabu zilizopangwa vizuri hatujazikosa. Kila mwenye simu ameshatumiwa mchanganuo wa ekari moja ya matikiti maji: miche 4,000, kila mche matunda mawili, kila tunda shilingi 2,000 za Tanzania, jumla shilingi milioni 16. Toa mbegu, mbolea, dawa na vibarua, zinabaki milioni kadhaa za kununulia kiwanja. Kuna wa vitunguu, wa nyanya, wa sungura, wa kuku chotara. Wenye uzoefu wana jina lake: kilimo cha kwenye makaratasi.

Kimahesabu, mchanganuo huo hauna kosa. Tatizo ni kwamba umeandikwa kana kwamba msomaji wake yuko peke yake duniani. Wakulima wengi wa matikiti hulenga mavuno yaangukie Ramadhani, kwa sababu mahitaji yapo kweli. Matokeo yake malori yote yanafika sokoni wiki ileile, na bei iliyokuwa kwenye karatasi inakutana na bei ya dalali aliyesimama shambani, anayejua kwamba tunda lililoiva halimsubiri mwenye nalo. Karatasi haikuwa na mstari wa matunda yaliyopasuka njiani, wala wa jirani aliyesoma mchanganuo huohuo siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ukiletewa hesabu, anza na safu ya mauzo, maana gharama karibu kila mtu huzikisia kwa uangalifu. Nani kasema tunda litauzwa 2,000? Bei hiyo ni ya mwezi gani? Ni ya shambani au ya rejareja mjini? Na je, aliyeutengeneza mchanganuo anaishi kwa kuuza matikiti, au anaishi kwa kuuza mbegu, semina na huo mchanganuo wenyewe?

Sifa haziingii kwenye droo

Njia tuliyoizoea ya kupima wazo ni kuwauliza ndugu na marafiki, na hapo malezi yetu mema yanatuponza. Hatupendi kumvunja mtu moyo. Ukimweleza mwenzako kwamba unataka kufungua saluni au kusindika juisi ya ubuyu, atakwambia, “Kaka, hilo dili! Fungua, mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza.” Hajakudanganya. Amekutakia heri tu, wewe ukaisikia heri hiyo kama ahadi ya kununua.

Swali linalosaidia ni la mambo yaliyokwisha kutendeka. Mara ya mwisho ulinunua juisi lini? Wapi? Ulilipa kiasi gani? Kilichokuudhi ni nini? Mtu anayesema anapenda juisi ya asili lakini mwezi mzima amekunywa soda, mfuko wake umekwisha kujibu kabla ya mdomo.

Mfano mkubwa wa kusikiliza mwenendo wa watu badala ya maneno yao tunao hapa jirani. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu, M-Pesa, huko Nairobi na Thika. Wateja hawakufika 500, mawakala walikuwa wanane. Sehemu ya gharama ilitoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza. Wazo la awali lilikuwa dogo: wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya wapokee mikopo na kuirejesha kwa simu.

Watu wakaitumia walivyotaka wao. Wapo waliomrejeshea mwenzao mkopo kutoka mbali. Wapo wafanyabiashara walioweka mauzo ya siku kwa wakala jioni, benki zikiwa zimeshafunga. Wapo wasafiri walioweka fedha mji mmoja na kuzitoa mji mwingine ili wasitembee na noti mfukoni. Nick Hughes, aliyebuni mradi huo, na Susie Lonie, aliyeusimamia, wangeweza kung'ang'ania lengo lao la mikopo. Hawakung'ang'ania. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mambo ya kurejesha mikopo yaliwekwa kando, na tangazo likabeba ahadi moja: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha, waliojisajili walikuwa wamevuka milioni 1.

Nyuma ya mafanikio hayo kuna jambo ambalo mfanyabiashara mdogo anaweza kulitafuta mtaani kwake bila mtaalamu yeyote. Kabla ya M-Pesa, Wakenya walikuwa tayari wanatuma fedha. Walimpa dereva wa matatu, walikwenda kwenye ofisi ya kampuni ya mabasi, walimsubiri jamaa anayesafiri. Walikuwa wanagharimika, wanachelewa, na wakati mwingine wanaibiwa, lakini hawakuacha. Hitaji la kweli huwa na alama hiyo: watu wanahangaika nalo tayari, na wanalilipia kwa njia mbovu. Usipoona mtu yeyote anahangaika na tatizo unalotaka kulitatua, huenda tatizo hilo ni lako peke yako.

Wazo lilelile, nchi nyingine

Mwaka 2010 Vodacom iliipeleka M-Pesa Afrika Kusini ikiwa na lengo la kupata wateja milioni 10. Jina lilikuwa limeshavuma, teknolojia ilikuwa imeshathibitika, na Vodacom hawakuwa na uhaba wa fedha. Huduma hiyo ilifungwa katikati ya mwaka 2016, wateja wanaoitumia wakiwa takriban 76,000.

Waafrika Kusini walikuwa na akaunti nyingi zaidi za benki na mashine za kutolea fedha karibu, na maduka makubwa kama Shoprite yalikuwa yanatuma fedha kupitia kaunta zake. Hangaiko lililomfanya mtu wa Thika akimbilie kwa wakala halikuwepo kwa kiasi kilekile Johannesburg.

Somo hilo linamhusu pia anayesema, “Dubai nimeona biashara hii inalipa, hapa Mwanza hakuna anayeifanya.” Kutokuwepo kwa mshindani kunaweza kumaanisha nafasi, lakini pia kunaweza kumaanisha kwamba watu watatu walishajaribu kabla yako wakafunga kimya kimya. Uliza kwa wenye fremu, waulize madalali, waulize wauza jumla: nani aliwahi kuileta bidhaa hii, na aliishia wapi?

Mahali napo ni sehemu ya wazo, wala si suala la kuamuliwa baadaye. Dar es Salaam ina ushahidi wa ghorofa kadhaa: Machinga Complex ya Ilala, iliyojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ili kuwatoa wafanyabiashara wadogo barabarani. Jengo likakamilika, paa likawepo, vizimba vikagawiwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilibaki bila watu, na wamachinga wakarudi barabarani. Sababu waliyoitoa ilikuwa fupi: hakuna wateja. Mmachinga humuuzia mtu aliyeshuka kwenye daladala, anayepita akiwaza mambo mengine, akaona shati akasimama. Mtu huyo hapandi ngazi kutafuta shati ambalo hakuwa na mpango wa kulinunua. Bidhaa zilikuwa zilezile na wauzaji walewale, lakini njia ya mteja haikupita pale.

Faida inaanzia sahani ya 54

Tuchukue biashara ambayo kila mtu anaijua, banda la chipsi, tuifanyie hesabu ya siku moja. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila mtu aweke za mtaani kwake.

Ndoo mbili za viazi kwa 18,000 kila moja ni 36,000. Mafuta lita nne kwa 5,500 ni 22,000. Mkaa 8,000. Trei moja ya mayai 9,000. Nyanya, kabichi, pilipili, chumvi na mifuko ya kufungia 6,000. Wa kumenya viazi 3,000. Mpishi 12,000. Kodi ya eneo ukiigawa kwa siku 4,000. Ulinzi na taka 2,000. Jumla 102,000.

Viazi hivyo vitoe sahani 70. Mayai 30 yanatosha zege (chipsi mayai) 15, zikiuzwa 3,000 kila moja zinaleta 45,000. Sahani 55 za chipsi kavu kwa 1,500 zinaleta 82,500. Mauzo yote 127,500, na faida ni 25,500. Hapo ndipo wengi huishia, wanazidisha kwa siku 30 na kuanza kuulizia bei ya banda.

Irudie hesabu hiyo kwa upande wa pili. Ili kurudisha 102,000 tu, unapaswa kuuza zege zote 15 na chipsi kavu 38. Hizo ni sahani 53, na kila moja ni ya muuza viazi, muuza mafuta, mpishi na mwenye eneo. Ya kwako inaanza na sahani ya 54. Faida yote ya siku imo kwenye sahani 17 za mwisho, zile za saa tatu na saa nne usiku, ambazo mvua ikinyesha au umeme ukikatika ndizo za kwanza kukosa mnunuzi. Mafuta yakipanda kutoka 5,500 hadi 7,500 kwa lita, faida inasogea mpaka sahani ya 59. Na mafuta hupanda: waliokuwa jikoni mwaka 2022 wanakumbuka.

Kwa hiyo swali la banda la chipsi si kama watu wanapenda chipsi. Ni kama kona ile inaweza kuuza sahani 60 na zaidi usiku wa Jumanne, tarehe 22, mishahara ikiwa imeshakauka. Swali hilo lina jibu, na jibu lake ni la bei ya soda mbili. Nenda kwenye banda lililo jirani na unapotaka kufungua, kaa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi wafunge, hesabu sahani. Rudi Jumamosi. Rudi mwisho wa mwezi. Hesabu pia wanaofika, wakaona foleni au wakaambiwa mayai yamekwisha, wakaondoka. Hao wanaoondoka ndio nafasi yako. Kama hawapo, unakwenda kugawana wateja na mtu aliyekutangulia, anayewajua kwa majina.

Kujaribu kabla ya kufungua

Kosa la gharama kubwa ni kuanza na vitu visivyorudishika: kilemba cha fremu, kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, friji, rangi na bango lenye jina la biashara. Vyote hivyo hununuliwa kabla mteja wa kwanza hajalipa hata mia.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wana shule yao ya kujaribu bila mtaji. Winga hana duka. Ana simu, ana machimbo, yaani maduka ya bei nafuu, anayoyajua, anatafuta mteja kwanza kisha anakwenda kuchukua mzigo dukani. Akimaliza miezi michache anajua viatu vya namba gani vinatoka na rangi gani zinakaa, ujuzi ambao mwenye fremu mpya anaulipia kwa mzigo unaolala. Wengine huanza na mali kauli: wanachukua bidhaa kwa mwenye jumla kwa kuaminiana, wanauza, wanarudisha hesabu. Anayetaka kuoka keki anaweza kuanza kwa oda na malipo ya awali, kabla ya kununua oveni kubwa.

Katika jaribio hilo usihesabu waliokusifu, hesabu waliorudi. Mnunuzi wa kwanza anaweza kuwa shangazi, wa pili rafiki wa kanisani au wa msikitini. Anayekupa taarifa ya kweli ni yule asiyekujua, aliyelipa bei kamili, na wiki iliyofuata akaja tena bila kupigiwa simu. Ukiwapata kumi wa namna hiyo kwa mtaji mdogo, umejifunza kitu ambacho mchanganuo hauwezi kukupa.

Wakati wa kujaribu, pita pia upande wa sheria. Machi 1, 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba, na Juni 1, 2019 ikaondoa mifuko ya plastiki sokoni. Biashara zilizokuwa zinaingiza fedha kila siku zilikoma kwa tarehe iliyotangazwa, huku watengenezaji wa mifuko mbadala wakipata soko ambalo mwezi mmoja nyuma lilikuwa dogo. Kwa vyakula vya kufungashwa na vipodozi, alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ina gharama na muda wake, na duka kubwa litakuuliza kabla ya kupokea mzigo wako. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Saa ya fedha na saa ya biashara

Wazo zuri linaweza kufa kwa sababu ya fedha zilizolianzisha. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na umri wa takriban miezi mitano, na siku zote hizo anakula. Anayemlea kwa mkopo wa kausha damu, unaotaka marejesho wiki ijayo, atauza kuku kabla ya yai la kwanza. Kuku wa nyama anayeuzwa baada ya wiki tano au sita anavumilia zaidi, ingawa naye hawezi kwenda sawa na rejesho la kila siku.

Fedha za kikoba, akiba, au mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kila moja ina kasi yake. Pima kama biashara itaanza kurudisha kabla mwenye fedha hajagonga mlango. Na kama fedha hizo ni ada ya shule ya Januari, jaribio lako linapaswa kumalizika na kutoa jibu kabla ya Desemba, au lisianze kabisa. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao hawakukataza biashara mpya. Walitaka ujue kwanza msala unapita kwenda wapi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linaanza kabla ya biashara. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo matatu yaliyoandikwa kabla hujanunua hata msumari: kiasi cha juu kabisa utakachotoa, tarehe ya kufanya uamuzi, na idadi ya wateja waliorudi ambayo itakufanya uendelee. Mpe nakala mwenzi wako au rafiki asiyeogopa kukukera. Tarehe ikifika na idadi haijatimia, funga, hata kama majirani wataongea. Aliyeanza na milioni 3 akasimama ikiwa imebaki milioni 1 bado ni mtu mwenye mtaji, na sasa ana ujuzi ambao hakuwa nao. Aliyezimaliza zote akilinda heshima, mwakani atakuwa anatafuta wa kumkopesha.